Vituo vya mafuta vimeondoa wahudumu, injini ya mama yangu imenoki, na hakuna wa kuulizwa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Wiki iliyopita gari la mama yangu lilizimika barabarani na halikuwaka tena. Fundi alipofungua nati ya kumwagia oili, kilichotoka chini hakikujaa glasi. Injini imenoki. Mama ana miaka 74, magoti yanamsumbua, na lile gari ndilo lililokuwa likimfikisha kliniki.

Mwezi huohuo alikuwa amejaza mafuta mara nne, kituo kilekile. Mara nne alishuka mwenyewe, akahangaika na mashine iliyokuwa ikikataa kadi yake, akashika bomba zito kwa mikono miwili. Makopo ya oili yalikuwa yamepangwa hatua chache kutoka alipoegesha. Hakutokea mtu hata mmoja wa kumwambia, "Mama, fungua boneti tuangalie." Mfanyakazi pekee alikuwa nyuma ya kioo akiuza soda na vitafunwa. Nilipokwenda kulalamika nikajibiwa kwamba hali ya gari ni jukumu la mteja. Jibu limeishia hapo.

Sasa nawauliza wenye umri wangu: mnakumbuka kituo cha mafuta kilivyokuwa?

Mimi nakumbuka nikiwa kiti cha nyuma. Chini palilazwa mpira mweusi mwembamba, na tairi zikiukanyaga, upepo uliokuwa ndani yake unasukuma kengele kule ofisini. Kengele ikilia mtu anatoka. Hakuna kupiga honi wala kutafuta nani yuko zamu. Yule wa kituo chetu alikuwa mzee mwenye tambara mfuko wa nyuma na geji ya upepo mfuko wa kifuani, na swali lake la kwanza halikuwa pesa. Alimuuliza baba, "Jaza?" Kisha, "Petroli?" ingawa gari alilifahamu kwa miaka.

Bomba likiwa tangini alianza kazi yake halisi. Aliweka kiganja juu ya boneti kwanza. Likiwa la moto, mfuniko wa rejeta haugusi, anaangalia vitu vingine. Kwenye oili alisubiri kidogo ishuke, akavuta kile kijiti, akakifuta, akakirudisha mpaka mwisho, akakivuta tena, kisha akakileta dirishani ili baba aone kwa macho yake imefika alama ipi. Akapita kwenye maji ya betri. Akabonyeza fanibelti kwa kidole gumba. Siku moja aliikuta imepasukapasuka upande wa ndani, upande usioonekana ukisimama tu mbele ya injini, na akamwambia baba waziwazi kwamba kwa safari aliyokuwa nayo belti ile haitarudi nzima. Tulilala siku moja zaidi, belti ikabadilishwa. Nilikuwa mtoto lakini sijasahau, kwa sababu tulikuwa sita ndani ya lile gari.

Kwenye tairi ndipo nilipojifunza kitu ambacho madereva wengi wa leo hawakijui. Akipima akakuta upepo umezidi kidogo baada ya mwendo mrefu, hakuupunguza. Alisema tairi lina moto, likipoa namba itashuka yenyewe, ukipunguza sasa kesho utatembea na tairi lililolegea. Elimu hiyo tuliipata bure, tukisubiri tangi lijae. Mwisho kioo cha mbele kwa maji ya sabuni na ule mpira wa kufutia, kisha kile cha nyuma, ambacho mimi nilikuwa nakigusagusa kwa vidole na yeye hakuwahi kunikaripia.

Kuna watakaokuja hapa kusema ile ilikuwa anasa ya zama zake. Si kweli. Kituo cha kampuni ya mafuta ya Gulf kilichofunguliwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1913, kimojawapo cha vile vya kwanza kujengwa mahsusi ili gari liingie lijaze, kilitoa upepo na maji bure tangu mwanzo. Huduma ilizaliwa pamoja na biashara yenyewe. Kilichokuja kuiondoa ni hesabu za mshahara. Mwaka 1947 Frank Ulrich alifungua Los Angeles kituo cha watu kujijazia wenyewe na kuwavuta kwa bei ya chini. Mwaka 1964 huko Colorado ukaja mfumo wa kuwasha pampu kutoka ndani ya duka, hivyo mtu mmoja aliyeketi kwenye kaunta akatosha kwa pampu zote. Ikaja shida ya mafuta ya 1973, bei zikaruka, kila mtu akatafuta senti ya kuokoa, na yule mzee mwenye tambara akaondoka. Angalau wale wa mwanzo walipunguziwa bei kwa kazi waliyoifanya wenyewe. Leo kazi tunaifanya sisi na punguzo hatulioni.

Jibu la pili nalijua: magari ya sasa yana kompyuta, taa itawaka. Jamani, msidanganyike na hiyo taa. Ile taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili, kwenye magari mengi inapima msukumo wa oili, haipimi kiasi kilichomo. Oili inaweza kupungua wiki hata wiki na taa imezima, kwa sababu pampu bado inapata cha kuvuta. Siku inayowaka maana yake msukumo umeshaanguka na vyuma vinasagana. Mama aliiona. Anasema iliwaka kwenye mlima, akatafuta mahali salama pa kuegesha, na kabla hajapapata injini ikafa. Alifanya kosa gani? Zile taa za upepo wa tairi nazo, sheria ya Marekani iliyozilazimisha kwenye magari mapya inataka ziwake upepo ukiwa umepungua kwa asilimia 25. Robo nzima! Mzee wetu alikuwa akikamata upungufu mdogo kabisa kwa geji ya mfukoni, na bado alipitisha kiganja kwenye tairi akatafuta msumari.

Wala sizungumzii injini tu. Kuna watu hawawezi kabisa kushuka na kujaza. Mwenye kiti cha magurudumu afanye nini? Mwenye mikono inayotetemeka? Marekani sheria ya watu wenye ulemavu inataka vituo vya kujihudumia viwasaidie wakiomba, kwa bei ileile ya kujihudumia, lakini kituo chenye mfanyakazi mmoja tu zamu hiyo hakibanwi. Na vituo vingapi usiku vina zaidi ya mmoja?

Tena msiseme haiwezekani, maana inafanyika. Jimbo la New Jersey hukohuko Marekani lilipiga marufuku watu kujijazia petroli mwaka 1949 na mpaka leo mhudumu anakuja dirishani. Oregon, jimbo jingine la huko, iliweka katazo kama hilo mwaka 1951, ikalilegeza 2023, na hata ilipolilegeza, kwenye kaunti zenye watu wengi iliagiza angalau nusu ya pampu zibaki na mhudumu. Japani iliruhusu kujihudumia mwaka 1998 tu, na bado viko vituo ambavyo wanafuta vioo na kukuongoza urudi barabarani salama. Afrika Kusini wahudumu wapo kwa mujibu wa sheria.

Nitakubali jambo moja, kwa sababu sitaki kuwapamba watu. Walikuwepo wahudumu wezi. Walikizamisha kijiti nusu ili oili ionekane imepungua, wakakuuzia kopo usilolihitaji. Baba aliwahi kuibiwa hivyo safarini. Tangu hapo alikuwa anashuka na kusimama karibu, na yule mzee wa kituo chetu hakuchukia, alimwita asogee zaidi aone. Dawa ya mwizi mmoja haikuwa kuwafukuza wote. Vijana wangapi walianza kwenye pampu wakaishia kuwa mafundi? Ile ilikuwa karakana yao ya kwanza, na imefungwa.

Hata pale ambapo mhudumu bado yupo, wengi wamegeuzwa kuwa wa kushika bomba na kupokea pesa. Hawafundishwi kupima oili. Ndoo ya maji ya kioo imekauka. Mashine ya upepo ina karatasi "mbovu" iliyopauka kwa jua. Siwalaumu wao. Nawalaumu wenye vituo, ambao wanapata fedha ya kuweka skrini ya matangazo juu ya pampu lakini hawapati ya mshahara wa mtu mmoja zaidi.

Kwa hiyo mwenye kituo unayesoma uzi huu, nakuomba vitu ambavyo unaweza kuvianza kesho asubuhi. Tenga pampu moja iwe na mtu anayejua kazi, kwa bei ileile. Mpe tambara, geji na ndoo. Akiona mzee au mjamzito kwenye usukani, amuulize kuhusu oili kabla ya kumuuliza anajaza ya shilingi ngapi.

Na nyie wakuu, leo kabla hamjalala nendeni kwa wazazi wenu wanaoendesha, mfungue boneti, mvute kile kijiti. Injini iwe imepoa na gari liwe mahali tambarare. Fundi anasema ya mama ingeokolewa na lita mbili.