Sera ya elimu inapikwa ng'ambo, gharama analetewa mzazi wa Likoni

Jamani wazazi wenzangu wa Mombasa, hili limenifika hapa kooni.

Mwanangu yuko Gredi ya 8, shule ya umma huku Likoni. Sayansi wanasoma bila maabara. Mwalimu anapimia maji kwa jagi la chai, watoto wamesongamana wakinyoosha shingo, wa nyuma wanaandika walichosimuliwa na wa mbele. Jioni anarudi na orodha: manila, gundi, picha za rangi. Haya, mzazi shuka saiba ukapange foleni, kila karatasi na bei yake, na unga wa usiku hujanunua.

Ukiuliza, jibu ni lile lile: ujuzi wa karne ya 21, mtoto aweze kushindana na dunia. Ashindane kwa jagi?

Wala halikuanza leo. Miaka ya 1980 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) walitaka serikali ipunguze matumizi. Kufikia 1988 tukawa na sera ya kuchangia gharama, wazazi wakabebeshwa vitabu na madawati. Mwaka 2000 mataifa yakakutana Dakar yakaahidi elimu ya msingi kwa wote, na 2003 karo ya msingi ikaondolewa. Hilo silipingi hata kidogo, wallahi, wapo watoto mtaani kwetu wasingeshika kalamu. Lakini walifurika madarasani, na walimu ni wale wale.

Kisha 2017 ukaja huu mtaala wa umilisi, unaotaka mtoto aweze kutenda, si kukariri tu. Afrika Kusini walianza mtaala wa jamaa hiyo 1998, walimu wakazama kwenye makaratasi, shule maskini zikaachwa nyuma, na 2010 serikali yao ikatangaza kuuzika. Hawa wenzetu wako bara hili hili! Nani alitumwa akawaulize? Sisi 2023 tukaingiza Gredi ya 7, mwanzo wa sekondari ya chini, ndani ya shule za msingi zisizo na maabara, tukaajiri walimu wanagenzi kwa posho, tukaita mageuzi.

Dunia ituletee mawazo, sawa. Lakini wizara ihesabu kwanza vyumba, walimu na vifaa, na ilipe yenyewe.

Wanetu wakielekea Gredi ya 10 wataambiwa wachague mkondo, ukiwemo wa sayansi na teknolojia. Wazazi wa Mtongwe, Kisauni, Changamwe, semeni hapa: shule ya wanenu ina maabara, au nanyi ni jagi?