Naomba ushauri: Land Rover ya jeshi ya volti 24, betri moja inakufa kila mara

Wakuu, habari za leo. Nina Land Rover Series III iliyokuwa ya jeshi la Uingereza, zile za kubebea redio za mawasiliano. Umeme wake ni volti 24: betri mbili za volti 12 zimeungwa mfululizo, zinakaa katikati ya viti vya mbele.

Asubuhi stata inagonga tu, injini haizunguki. Nikipima gari likiwa limezimwa, betri moja inasoma 12.6, nyingine 11.7. Injini ikiwaka, betri zote mbili kwa pamoja zinasoma 28, kwa hiyo chaji ipo. Nilinunua betri mpya za aina moja, hali ikajirudia.

Aliyenitangulia alichukua umeme wa redio ya muziki na wa kuchajia simu kwenye betri moja tu, ili apate volti 12. Ndiyo hiyo inayokufa, na ile nyingine inachemka na kumaliza maji. Hapo naona sababu kabisa: chaji inayopita ni ileile kwa zote mbili, lakini mzigo unabebwa na moja. Nataka kuondoa waya hizo na kufunga kibadilishaji cha kushusha 24 kuwa 12. Cha ampia ngapi kinatosha?

Kingine kinaniumiza kichwa zaidi. Hata nikikata waya hizo, kuna umeme unavuja, karibu nusu ampia. Nikichomoa waya mnene wa alteneta, ile inayochaji betri, uvujaji unakwisha. Je, ni dayodi zake, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu? Nawezaje kuzipima bila kuifungua alteneta? Mafundi wa hapa wamezoea volti 12, na gari hili nalipenda, sitaki lichezewe.