Maore: kisiwa cha Komoro au mkoa wa Ufaransa? Wadau karibuni

Baba Zuhura, South C: Salaam wadau. Binti yangu wa Gredi ya Sita kapewa kazi ya kuchora bendera za nchi za visiwa. Ya Komoro ina nyota nne na mistari minne, kila kisiwa na wake: Mwali, Maore, Nzwani na Ngazija. Kufungua atlasi, visiwa vitatu vina rangi moja, Maore (wengine mnaijua kama Mayotte) ina rangi yake, na kwenye mabano pameandikwa Ufaransa. Kaniuliza nani mwongo, bendera au atlasi. Nikamwambia atlasi. Visiwa vyote vinne vilizaliwa na volkeno, vimejipanga kati ya Msumbiji na Madagaska, na toka Nzwani hadi Maore ni kama kilomita 70 tu. Dini moja, Kikomoro kile kile kwa lahaja zake. Paris iko wapi na hayo? Anayebisha aje.

Mama Rukia: Nabisha mimi. Kwanza, Maore kuna vijiji vinavyoongea Kibushi, lugha ya Madagaska, kwa hiyo hiyo "lugha moja" punguza. Pili, Ufaransa ilikinunua kisiwa hicho mwaka 1841 kwa Andriantsoly, mtawala aliyekimbilia pale kutoka Madagaska. Vile vingine vilikuja kuwekwa chini ya himaya yake 1886. Halafu makao makuu yakahamishwa toka Dzaoudzi, hapo Maore, kwenda Moroni, kule Ngazija, na ofisi na ajira zikaenda nayo. Waliokuwa mstari wa mbele kukataa kutawaliwa toka Moroni ni akina mama. Kiongozi akishuka kutoka Moroni, wanamzunguka na kumtekenya mpaka anatimua mbio! Msicheke, ile ilikuwa siasa. Kura ya Desemba 1974, Komoro kwa ujumla ilitaka uhuru kwa karibu asilimia 95, lakini Maore karibu thuluthi mbili walikataa. Mwaka 2009 wakapiga tena, asilimia 95 ya waliojitokeza wakataka kuwa mkoa kamili, na tangu 2011 ni mkoa wa 101 wa Ufaransa. Mtu aseme mara ngapi ndiyo asikike?

Baba Zuhura: Mama Rukia, koloni haliendi kwenye sanduku la kura likiwa moja likatoka vipande vipande. Viongozi wa Afrika walikubaliana Cairo 1964 kwamba mipaka ya wakati wa uhuru iheshimiwe. Novemba 1975 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipokea Komoro na visiwa vyake vinne vikatajwa kwa majina. Miezi michache baadaye suala likafika Baraza la Usalama, Ufaransa ikapiga kura ya turufu. Tazama na Chagos: mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Uingereza ilikosea kuvimega visiwa hivyo kutoka Mauritius kabla ya uhuru.

Mama Rukia: Wachagosi hawakuulizwa, walifukuzwa. Wamaore waliulizwa. Na usisahau Nzwani wenyewe: 1997 walijitenga na Moroni wakapandisha bendera ya Ufaransa waombe kurudi, Ufaransa ikawakataa.

Abdi wa Eastleigh: Sisi watu wa Garissa tunawasoma tu. Mwaka 1962 Waingereza walileta tume kuuliza NFD, yaani wilaya za mpakani kaskazini mwa Kenya, inataka nini. Wasomali karibu wote walisema wanataka kuungana na Somalia. Maoni yakawekwa kando, tukapata Vita vya Shifta. Mkenya anayesema kura ya Maore ni halali aniambie sauti yetu ilikuwa na kasoro gani.

Mama Rukia: Haikuwa na kasoro, kaka.

Baba Zuhura: Haya sasa! Tukienda hivyo Kenya itabaki Nairobi na Kiambu.

Bi Nuru: Mimi asili yangu Ngazija, na mabishano haya nayasikia tangu utotoni. Kinachouma nyumbani ni viza. Tangu 1995 mtu wa Nzwani hawezi kuvuka bila viza ya Ufaransa, kwa hiyo anapanda kwassa, mashua ndogo iliyojazwa kupita kiasi, usiku. Wengi wamezama. Wanaofika wanaishi vibanda vya mabati juu ya vilima vya Mamoudzou, mji mkuu wa Maore, na kimbunga Chido cha Desemba 2024 kilivifagia. Ondoeni viza kwanza, bendera tutazungumza baadaye.

Abdi wa Eastleigh: Bi Nuru, wodi ya wazazi ya Mamoudzou tayari huzalisha watoto karibu 10,000 kwa mwaka, na mama zao wengi si raia wa Ufaransa. Viza ikiondoka, wodi hiyo itabeba na Nzwani nzima?

Bi Nuru: Wanavuka kwa sababu kwao hakuna wodi ya maana, mwanangu. Ufaransa ina pesa za boti za doria kila usiku. Ichukue sehemu ya hizo ijenge hospitali Mutsamudu, huko Nzwani, na Moroni nayo isikae ikisubiri kujengewa.