Naomba ushauri: uso unafifia kama chokaa katika nakala ya picha ya Bellini

Ndugu wanakikundi, salaam. Ninajifunza kuchora kwa rangi za mafuta kwa kunakili picha ya Leonardo Loredan, mtawala wa Venice, iliyochorwa na Giovanni Bellini mwanzoni mwa miaka ya 1500. Joho nimeliweza kwa kiasi, lakini uso, ambao kwa Bellini unang'aa kana kwamba una taa ndani, kwangu unafanana na ukuta uliopakwa chokaa.

Nilianza na kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini, kisha nikapaka nyeupe ya titani yenye wekundu kidogo. Baada ya siku 4 nilipoongeza tabaka jembamba lenye mafuta ya kitani, lile la chini likalainika na kutoka na brashi.

Je, nisubiri muda gani kati ya tabaka na tabaka? Na je, nyeupe ya titani, inayofunika mno, ndiyo inayoua mwanga huo?