Mafundi wa Kisumu, nani aliwaambia kioo cha ndani kinagandishwa kwa supa gluu?

Wadau, leo nina hasira. Nina Probox ya kubebea mboga kutoka Kibuye hadi Kakamega, na sasa winskrini yake ina ufa kutoka katikati hadi karibu na kona ya abiria. Hakuna jiwe lililorushwa. Ufa umeletwa na gundi ya fundi niliyemlipa.

Kile kioo cha ndani cha kuangalia nyuma kilidondoka chenyewe gari likiwa limeegeshwa. Hilo silalamikii, gundi huzeeka, na jua la Kisumu mnalijua. Nikaenda kwa fundi mmoja upande wa Kondele, simtaji jina. Mia tano. Akapangusa winskrini na kitambaa kilichojaa oili, akatoa kichupa cha supa gluu, hii hii ya kubandikia soli za viatu, akamimina mpaka ikachuruzika. Akabandika kila kitu kwa pamoja, kioo na mkono wake, akashikilia kidogo huku anapiga soga kwa simu. "Mkubwa, hiyo haitoki mpaka uuze gari."

Chavakali sikufika. Tuta la Kiboswa tu, kioo kikaniangukia mapajani, na matatu iko nyuma inanipigia honi.

Niliporudi nilidhani ataona aibu. Wapi! Ati barabara mbaya, ati mimi nakishikashika kioo. Halafu akaleta ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa, ya kuungia vyuma, na akataka pesa tena. Hiyo ilishika. Ilishika vibaya sana. Baada ya mchana wa jua kali, mvua ya jioni ikapiga winskrini, nikasikia tak! Kioo kikashuka na kipande cha winskrini juu yake. Shukuru winskrini huwa ni tabaka mbili za glasi zenye plastiki katikati, la sivyo ningekuwa nimejaa vipande usoni.

Kinachoniuma ni kwamba kazi yenyewe si ngumu. Supa gluu ikikauka inakuwa kavu na kukatika upesi, haipendi joto wala mtikisiko. Ile ya vyuma nayo haina kunyumbuka: glasi na chuma hutanuka kwa viwango tofauti vikipata joto, gundi haiachii, basi glasi ndiyo inayoachia. Kuna gundi maalumu ya kioo cha ndani, inauzwa pakiti ndogo yenye vitu viwili, dawa ya kupaka kwanza na gundi yenyewe. Ulizeni wauza spea, msikubali "iko sawa tu na hii".

Na kinachogandishwa kwanza kwenye winskrini ni kile kichuma kidogo kinachobeba mkono wa kioo, peke yake, si kioo kizima! Uzito wa kioo ndio unaovuta gundi kabla haijakomaa. Unaweka alama ya mahali kilipokuwa kwa nje ya winskrini, ndani unakwangua gundi ya zamani yote kwa wembe, kwenye glasi na kwenye kichuma, unapangusa kwa spiriti mpaka mafuta yaishe na hugusi tena kwa kidole. Unapaka ile dawa, unaiacha ikauke. Tone moja la gundi linatosha, kwa sababu hushika vizuri ikiwa nyembamba. Kuimwaga kama uji ni kuiharibu. Angalia kichuma kisikae juu chini. Unakibana kama dakika moja bila kutikisa, kisha unakiacha. Maelekezo mengi husema robo saa au nusu saa, mimi ningekiacha hadi kesho yake. Ndipo kioo kinavalishwa na skurubu yake kukazwa, bila nguvu za kifaru. Yote hayo kivulini, si kwenye glasi inayochoma mkono. (Wenye magari ambayo kioo kimefungwa darini kwa skurubu, haya hayawahusu, endeleeni kucheka.)

Hatua ipi hapo inahitaji digrii? Kusafisha tu kungetosha kuniepusha na nusu ya balaa hili. Lakini fundi anataka kumaliza kabla mteja hajamaliza soda, na ukiuliza unaambiwa "boss, tumefanya kazi hii miaka mingi".

Sasa yule bwana anasema ufa ulikuwepo toka zamani, na kwa ukarimu wake ananiuzia winskrini ya mitumba, "bei ya rafiki". Rafiki wa nani? Trafiki akinisimamisha na ufa huu mbele ya macho, atakuja yeye kunitetea?

Nataka pesa zangu za mara zote mbili, na winskrini alipe yeye. Nina picha, nina ujumbe wa M-Pesa. Aliyewahi kumbana fundi hapa Kisumu akalipa, aniambie alianzia wapi: chifu, au mahakama ya madai madogo? Na kama mnamjua mtu wa winskrini anayefanya kazi safi mjini, si wa "nenda Nairobi", mniandikie.