Naomba ushauri: baba akivuliwa haki za mzazi, malezi yanabaki kwangu moja kwa moja?

Wanajamvi, habari zenu. Naomba msaada wa wenye uelewa wa sheria za familia, hasa mawakili na maofisa ustawi wa jamii.

Ninamlea mtoto wa marehemu dada yangu tangu akiwa mchanga. Amri ya mahakama imenipa malezi, lakini baba yake bado ndiye mzazi kisheria, na kila panapotakiwa saini yake tunakwama. Hatoi matunzo, haji kumwona. Sasa anasema yuko tayari kusaini aachie haki zote.

Nimemuuliza karani wa mahakama, akasema makubaliano yetu ya maandishi hayatoshi, lazima hakimu aamue. Nimesoma pia ibara ya 9 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, inayotaka maslahi ya mtoto yatangulie kabla ya kumtenga na mzazi. Hapo ndipo ninaposita, maana bibi yake mzaa baba anampenda sana na sitaki kabisa mtoto ampoteze.

Je, baba akivuliwa haki hizo, malezi yangu yanakuwa ya kudumu yenyewe, au ni lazima nifungue maombi mengine ya kumuasili, yaani awe mtoto wangu kisheria? Na je, mtoto atapoteza urithi wa upande wa baba na nafasi ya kumtembelea bibi yake, au hakimu anaweza kuvilinda ndani ya amri hiyohiyo?

Aliyewahi kusimamia shauri kama hili anieleze, tafadhali.