Mjadala: Je, soda na peremende zizuiwe karibu na shule za Malindi?

Mzazi wa Barani

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Swali hili limenikosesha raha kwa muda mrefu. Kila adhuhuri nikipita langoni mwa shule nawaona watoto wameizunguka meza ya soda, juisi za rangi na peremende, na kwa wengi wao hiyo ndiyo chamcha. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu zitokanazo na chakula cha siku, na ikiwezekana isipite takriban gramu 25 kwa mtu mzima, hali chupa moja ya soda ya mililita 300 hubeba gramu 30 hivi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa takriban wanawake 45 katika kila 100 nchini, wa umri wa miaka 20 hadi 49, wana uzito uliozidi. Utafiti huohuo uliitaja kaunti yetu ya Kilifi kuwa ya kwanza kwa udumavu: watoto 37 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Katika nyumba moja utamkuta mama ana presha na mwanawe amedumaa. Je, kaunti isizuie biashara hii karibu na shule, na ushuru wa soda usipande kulingana na sukari iliyomo?

Msomaji wa Maweni

Wa aleikum salaam. Nia yako ni njema, ndugu, lakini dawa yako siikubali. Kaunti haina mamlaka ya kutoza ushuru wa bidhaa. Katiba ya 2010 iliuacha mikononi mwa serikali ya kitaifa peke yake. Isitoshe, ushuru wa chakula humwelemea zaidi mwenye kipato kidogo, na nikumbukavyo Denmark ilijaribu ushuru wa namna hii mwaka wa 2011, na haukupita muda ikaufuta. Na tuambiane kweli: unene wa Malindi haukuletwa na soda. Umeletwa na mahamri ya asubuhi na viazi karai vya jioni, na akina mama wanaokaanga wiki nzima kwa mafuta yaleyale hata yakawa meusi, kisha wakawauzia watoto wetu.

Mpishi wa Shela

Kaka yangu wa Maweni, nimekaanga mahamri miaka kumi na minane, na kwa karai hilo nimesomesha watoto watatu. Maneno yako yameniuma. Unga naukanda kwa tui la nazi, hamira na iliki, na mafuta yakishageuka rangi nayamwaga, hata siku ambayo faida yangu yote imo ndani yake.

Marehemu mama yangu alikaangia mafuta ya nazi aliyoyatoa kwa mikono yake, na hakuwa mnene. Lakini alikwenda shambani kwa miguu, akala samaki na mboga ya mchunga, na mahamri yalikuwa kitu cha kunywea chai. Leo mteja wangu anakula manne asubuhi na kurudi adhuhuri kununua mengine, kwa kuwa kitoweo hakimudu. Mafuta ya mawese yanasafirishwa kutoka Malaysia na Indonesia, yanapimwa dukani kwa kikombe, na bado ni nafuu kuliko samaki changu aliyevuliwa upeo wa macho yetu. Hilo nalo ni kosa la mama mwenye karai? Mwaka wa 2024 Mswada wa Fedha ulitaka kodi ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya mboga, mpaka ukaondolewa baada ya maandamano. Katika mabishano yale yote sikumsikia mtu akieleza jinsi fedha hizo zingeshusha bei ya mbaazi, mchicha au samaki. Mkitaka nikaange kidogo, nionyesheni kitu cha kuuza ambacho mteja wangu ataweza kukinunua.

Msomaji wa Maweni

Dada yangu, niwie radhi; sikukukusudia wewe. Hata hivyo neno langu kuhusu mafuta silirudishi. Baba yangu alipooza upande mmoja mwaka juzi, na daktari alituuliza habari ya mafuta na chumvi nyumbani. Soda hakuitaja, na baba hakuwa mnywaji wa soda. Ndiyo maana nikasema kwa ukali.

Mvuvi wa Shela

Mpe pole baba, Bwana Maweni. Lakini samaki wametajwa, na mimi ndiye nivuaye. Wakati wa kusi vyombo vyetu vidogo havivuki mwamba, na bei hupanda mara moja. Kaskazi ikirudi samaki huwa wengi, ila barafu ni haba, kwa hiyo nguru na kolekole huchukuliwa papo hapo na wanunuzi wa mahoteli na wa Mombasa kabla hawajaharibika. Watu wa mji huachiwa tafi na pono wadogo, nao hupitia kwa mama karanga, akina mama wakaanga samaki, na hapo tumekwisharudi kwenye karai mnalogombania. Ziko siku nami hurudi nyumbani na pesa bila kitoweo. Anayetaka watoto wa Malindi wale samaki aanze na barafu.

Mwalimu wa Muyeye

Nianze na Denmark, kwa sababu imetajwa nusunusu. Ushuru ule haukuwa wa sukari. Ulikuwa wa mafuta yenye kugandamana, kama ya siagi na nyama. Ulianza Oktoba 2011 na kufutwa mwanzoni mwa 2013, na watu walikuwa wakivuka mpaka kwenda kununua Ujerumani. Mexico ilitoza peso moja kwa kila lita ya vinywaji vya sukari kuanzia Januari 2014. Mwaka wa kwanza ununuzi ulipungua kwa takriban asilimia 6, na nyumba maskini ndizo zilizopunguza zaidi. Afrika Kusini nayo, tangu Aprili 2018, hutoza kwa kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100, ndivyo alivyopendekeza mzazi wa Barani.

Hapa kwetu hesabu ni nyingine. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 iliweka shilingi 5 kwa kila lita ya soda, na maji ya chupa yakawekwa katika kundi hilohilo kwa kiwango hichohicho. Na watoto mnaowaona langoni nawajua kwa majina. Mfereji wa shule hukauka siku tatu au nne katika juma, na maji ya kisima chetu ni ya chumvi hata ukiyachemshia chai. Mtoto aliyecheza juani ananunua kinywaji kilicho karibu. Nikiiondoa meza ile kesho, nitampa nini?

Bibi mpishi, nakuunga mkono kwa jambo moja: mama wa jikoni si wa kulaumiwa. Chumvi inayovunwa Gongoni na Marereni, jirani zetu, hutiwa madini ya joto, yaani iodini, kwa amri ya serikali tangu miaka ya 1970, na tezi la shingo likapungua bila mama yeyote kukemewa jikoni mwake. Tangu 2012 unga wa mahindi uliofungashwa nao lazima utiwe vitamini na madini, ingawa wa vinu vya mitaani, ambao wengi wetu ndio tunaoula, amri hiyo haikuufikia.

Mzazi wa Barani

Mwalimu, habari ya mfereji sikuijua, na mwanangu hakuniambia. Tafadhali tujulishe tangi la shule ni la lita ngapi na siku zipi hukauka. Ijumaa baada ya sala nitawafuata wazazi wa kamati.

Msomaji wa Maweni

Nitafuatana nawe. Lakini la mafuta tutalirudia.

Mpishi wa Shela

Tulirudie, kaka. Njoo Shela alfajiri, uyaone mafuta yangu kabla sijatia hamri la kwanza.